Kimo cha Mti Kabla ya Shoka

Mti unapoamuliwa kukatwa, swali la kwanza huwa bei: fundi anataka shilingi ngapi, na magogo yatakuwa ya nani. Swali la kimo huja baadaye, mara nyingi msumeno ukiwa umeshaingia kwenye shina, na jibu lake hutolewa kwa kukodoa macho: huu haufiki kwenye bati. Hakuna aliyepima. Kukadiria urefu wa kitu kilichosimama ni kazi ngumu kwa jicho, kwani huko juu hakuna cha kulinganisha nacho, na tofauti ya mita moja na nusu, ambayo mezani ungeiona mara moja, kwenye ncha ya mkaratusi haionekani kabisa. Lakini mita hiyo moja na nusu ndiyo paa. Njia ya kuijua bila kupanda mti ilifundishwa shuleni, kidato cha pili au karibu na hapo, kwenye mada ya pembe za mwinuko na mwinamo, na wengi waliisoma, wakaifanyia mtihani, wakaiacha darasani. Nasema irudishwe uani. Nasema pia, na hapa ndipo penye hoja yangu, kwamba hesabu yenyewe ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Linaloamua kama jibu litakuwa la kweli ni mambo yanayofanywa kabla ya kugusa kikokotoo: mstari mlalo umeupitisha wapi, umesimama wapi, na unalenga nini hasa.

Tuanze na mstari mlalo. Pembe ya mwinuko ni ile iliyo kati ya mstari mlalo unaopita kwenye jicho lako na mstari wa macho unaopanda hadi kwenye kitu unachokilenga. Pembe ya mwinamo ni ile iliyo kati ya mstari mlalo huohuo na mstari wa macho unaoshuka. Zote mbili huanzia jichoni, na zote mbili huhesabiwa kutoka kwenye mlalo. Wanafunzi huyajua maneno hayo kwa moyo, kisha wakichora mchoro huiweka pembe ya mwinamo kati ya mstari wa macho na ukuta wa jengo, kwa kuwa ukuta upo na umechorwa, ilhali mstari mlalo uko hewani na hakuna aliyeuchora. Madhara yake si madogo. Mtu yuko juu ya mnara, jicho lake likiwa mita 30 juu ya maji, anaiona ngalawa kwa pembe ya mwinamo ya digrii 25. Aliyechora sawasawa atagawanya 30 kwa tanjenti ya 25, ambayo ni 0.4663, na kupata kwamba ngalawa iko mita 64 kutoka chini ya mnara. Aliyeibandika pembe ukutani atazidisha badala ya kugawanya, naye atapata mita 14. Wote wawili wamekokotoa bila kosa. Mmoja wao amemweka mvuvi karibu na msingi wa mnara, mahali ambapo mtu wa juu angelazimika kuinama hasa ili amwone, wakati digrii 25 ni kuteremsha macho kidogo tu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kalamu: chora mstari mlalo kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya mti, kabla ya mnara, uanzie kwenye jicho, ndipo pembe ziningʼinie humo.

Sasa twende kwenye mkaratusi uliosimama kwenye uwanja tambarare. Umesimama mita 20 kutoka kwenye shina, jicho lako liko mita 1.6 juu ya ardhi, na ncha ya mti unaiona kwa pembe ya mwinuko ya digrii 42. Mstari mlalo kutoka jichoni hadi kwenye shina, sehemu ya mti iliyo juu ya mstari huo, na mstari wa macho hadi nchani, vinafanya pembetatu yenye pembe mraba. Upande unaoutafuta uko mkabala na pembe yako. Upande unaoujua, zile mita 20, uko jirani nayo. Uwiano wa upande mkabala kwa upande jirani ndio tanjenti, na tanjenti ya digrii 42 ni 0.9004. Zidisha kwa 20, unapata mita 18. Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini. Lakini mita 18 hizo zimehesabiwa kutoka usawa wa jicho kwenda juu, na mti haukuota kwenye usawa wa jicho. Ongeza 1.6, kimo ni mita 19.6. Kama ukuta wa nyumba uko mita 19 kutoka kwenye shina, jibu la kwanza linasema nyumba imepona na la pili linasema mti utaangukia bati. Ndiyo maana siuchukulii mstari wa jichoni kuwa jambo dogo la kupewa alama moja na mwalimu mkali.

Chombo cha kupimia pembe hiyo kinatengenezwa kwa vitu vya mkoba wa mwanafunzi: kipimapembe cha nusu duara, mrija wa soda uliobandikwa kwenye ukingo wake ulionyooka, na uzi uliofungwa kwenye kitovu cha kipimapembe ukiwa na nati au kokoto mwishoni. Uzi huo ni timazi. Siku zote unaonyesha wima, na kwa kuwa unaijua wima, mlalo pia unaujua. Ukichungulia kwenye mrija ulio mlalo sawasawa, uzi unakaa kwenye 90. Ukiinua mrija kuilenga ncha ya mti, uzi unasogea, na pembe ya mwinuko ni kiasi ulichosogea kutoka 90, si namba uliyouangukia. Uzi ukikaa kwenye 48, pembe ni 42. Hili huwakosesha watu kila mara, na dawa yake ni akili ya kawaida: kama shingo yako imeinuka kidogo tu na chombo kinakuambia digrii 75, umesoma upande usio wake. Mwenzako ndiye asome uzi wewe ukiwa unalenga, maana huwezi kuchungulia mrijani na kusoma pembeni kwa wakati mmoja. Upepo ukivuma, subiri. Ukishapata pembe moja, shusha chombo, kiinue upya, pima tena mara tatu au nne, kisha chukua wastani. Mkono wa mtu aliyetulia hukosea digrii moja kwa urahisi, na hiyo digrii moja tutaifuata hadi tuone inafanya nini.

Kabla ya kuifuata, kuna kosa la chombo chenyewe, kwa mfano mrija uliobandikwa upande kidogo. Hapa lile somo la darasani kwamba pembe ya mwinuko kutoka chini ni sawa na pembe ya mwinamo kutoka juu linapata kazi ya kweli. Mistari miwili mlalo, wa aliye chini na wa aliye juu, iko sambamba, na mstari mmoja wa macho unaikata yote miwili, hivyo pembe hizo mbili hazina budi kulingana. Simika miti miwili mahali penye mteremko, weka alama kwenye kila mti kwa urefu wa jicho lako, kisha simama kwenye mti wa chini ulenge alama ya juu, na baadaye simama kwenye mti wa juu ulenge alama ya chini. Kama chombo kinakupa mwinuko wa digrii 6 wakati wa kupanda na mwinamo wa digrii 4 wakati wa kushuka, ukweli uko katikati, yaani digrii 5, na chombo chako kinazidisha mwinuko kwa digrii moja na kupunguza mwinamo kwa kiasi hichohicho kila unapokitumia. Si lazima ukitupe. Unaipunguza hiyo digrii kwenye mwinuko na kuiongeza kwenye mwinamo, basi. Wapima ardhi huvikagua vyombo vyao kwa mantiki hiyohiyo, wakilenga kwenda na kurudi, ingawa vyombo vya kwao bei yake ingenunua shamba lenye miti yenyewe.

Sasa mahali pa kusimama, na hili ndilo ambalo vitabu vya shule havisemi, kwa sababu kwenye kitabu umbali umeshatolewa. Uwanjani unauchagua mwenyewe, na uchaguzi huo una uzito kuliko ustadi wa mkono. Chukua mti ambao ncha yake iko mita 18 juu ya jicho, na mkono unaokosea digrii moja. Ukisimama mahali ambapo pembe ni 45, yaani mita 18 kutoka kwenye shina, kosa la digrii moja linabadilisha jibu kwa sentimita 63 hivi. Ukisogea karibu hadi pembe iwe 70, kosa lilelile linakuwa karibu mita moja. Ukisimama mita tatu na kidogo tu kutoka kwenye shina, pembe ikiwa 80, kosa linafika mita 1.8. Na usidhani kwamba kwenda mbali sana kunakuokoa: kwenye pembe ya 10, kosa ni lilelile la 80. Digrii 45 ndipo mahali ambapo mkono unaotetemeka hudhuru kidogo kuliko kwingine. Kwenye umbali hali ni nyingine. Kosa la kupima umbali huzidishwa na tanjenti, kwa hiyo kwenye digrii 80 kila sentimita uliyokosea chini inakuwa karibu sentimita sita juu, kwenye 45 inabaki sentimita moja, na kwenye 30 inashuka hadi nusu na kidogo. Ukiyaweka yote mawili pamoja, mahali pazuri ni kati ya 30 na 45. Kwa maneno ya uani: rudi nyuma hadi umbali wako ulingane na kimo unachokikisia, kisha ongeza hatua chache.

Hapo atatokea mtu aseme kwamba kama ni hivyo, tanjenti ya nini? Kata karatasi ya mraba, ikunje kona kwa kona, umepata pembe ya digrii 45. Rudi nyuma ukiwa umeshika ukingo mmoja mlalo, hadi mkunjo ulenge ncha ya mti, kisha pima umbali hadi kwenye shina, ongeza kimo cha jicho, kazi imekwisha. Namkubalia kabisa. Ni njia nzuri, na kwa mkata miti asiye na kikokotoo ndiyo ningempa kwanza. Inafanya kazi kwa kuwa tanjenti ya 45 ni moja, hivyo kuzidisha kunatoweka. Ila inataka uwanja mtupu wenye urefu sawa na mti, na miti inayoleta matatizo ni ile iliyobanwa kati ya nyumba, ukuta wa jirani na barabara. Pale ambapo ukuta unakuzuia kwenye mita 12, karatasi haina la kukuambia, ilhali tanjenti ya 56 bado inajibu. Njia ya karatasi ni mlango mmoja wa nyumba. Trigonometria ni kujua milango mingine iko wapi.

Jambo la tatu ni kile unachokilenga. Pembetatu yetu ilidhani kwamba ncha ya mti iko wima juu ya shina, na miti haijapewa taarifa hiyo. Chukua mwembe wenye kimo cha mita 15 na mwavuli mpana wa matawi. Ukisimama mita 15 kutoka kwenye shina, huioni ncha yake. Unachokiona ni bega la mwavuli lililo upande wako, tuseme mita 4 mbele ya shina na mita 13 juu ya ardhi. Pembe ya kulilenga bega hilo ni digrii 46, na ukikokotoa kana kwamba liko juu ya shina utapata mita 17.1. Umeuongezea mti zaidi ya mita mbili bila kukosea chochote kwenye hesabu. Rudi nyuma hadi mita 30, na ncha ya kweli inachomoza nyuma ya bega. Sasa ndiyo iliyo juu zaidi machoni pako, na jibu linarudi kuwa 15. Kwa miti yenye mwavuli mpana, basi, ule ushauri wa kusimama kwenye 45 hauna budi kulegezwa kuelekea 30 na hata chini yake kidogo. Mkaratusi na msonobari hazina tatizo hili sana. Mwembe, mkungu na mbuyu zinalo.

Minazi ya pwani ina tatizo la pili, la kulala. Upepo wa miaka umeisukuma, na ncha haiko juu ya shina hata kidogo. Tuseme mnazi una kimo cha mita 18 na ncha yake imelala mita 3 kando ya shina. Ukiupima kutoka mita 20, ukiwa upande ambao unalala kukukimbia, utapata mita 15.9. Ukiwa upande unaokulalia, utapata 20.9. Tofauti ya mita tano, mti uleule, asubuhi ileile. Simama upande wa ubavu, ili mti uonekane unalala kushoto au kulia kwako, na utapata 17.8, ambayo inatosha. Zunguka mti kwanza, ndipo uchague. Na kumbuka kwamba mti uliolala ukianguka, kinachofika mbali ni urefu wa shina lote, ambao ni mkubwa kidogo kuliko kimo.

Kwenye milima, Lushoto, Kisii au Rungwe, uwanja tambarare ni ndoto, na hapo pembe ya mwinamo inaingia kazini. Umesimama juu ya mteremko, mti uko chini yako, na mstari mlalo wa jichoni unaukata mti mahali fulani katikati. Pima mara mbili: mwinuko hadi nchani na mwinamo hadi kwenye kitako cha shina. Ukiwa mita 18 kwa mlalo, mwinuko ukiwa 30 na mwinamo 20, sehemu ya juu ni 18 mara 0.5774 na ya chini ni 18 mara 0.3640, jumla ni mita 16.9. Angalia kwamba urefu wa jicho umetoweka kwenye hesabu. Mstari mlalo umeshafanya kazi yake, na kuongeza 1.6 hapa ni kosa. Kama umesimama upande wa chini wa mteremko na hata kitako cha mti kiko juu ya jicho lako, pembe zote mbili ni za mwinuko, nawe unatoa badala ya kujumlisha. Mchoro ndio utakaokuambia lipi, na asiyechora atajumlisha kila mahali.

Lakini nimesema mita 18 kwa mlalo, na tepu iliyolazwa kwenye mteremko haipimi mlalo. Katika mfano huu tepu ya ardhini ingesoma mita 18.7 hivi, na kimo kingeongezeka kwa zaidi ya nusu mita bila sababu. Mafundi huishika tepu mlalo kipande kwa kipande, wakishusha timazi kila hatua na kuiangalia kwa pima maji, na hiyo ni njia safi ingawa ya polepole. Ipo ya haraka: mwenzako ashike mwisho wa tepu kwenye kitako cha shina, wewe ushike mwanzo wake jichoni, uivute ikaze. Urefu huo ni ule upande mrefu wa pembetatu, unaotazamana na pembe mraba, na ukiuzidisha kwa kosaini ya pembe ya mwinamo unapata mlalo. Mita 19.16 mara kosaini ya 20, ambayo ni 0.9397, ni 18. Pembe umeshaipima tayari, hivyo haikugharimu kitu.

Kuna mti usiofikika: uko ngʼambo ya korongo, au ndani ya ua wa mtu. Hapa unapima mwinuko mahali pawili kwenye mstari mmoja kuelekea mti, na umbali kati ya mahali hapo pawili. Ukipata digrii 40 mahali pa karibu, na digrii 25 mita 20 nyuma yake, ncha iko mita 21 juu ya jicho. Unaifikia kwa kugawanya 20 kwa tofauti ya namba mbili, moja kugawanywa kwa tanjenti ya 25, ambayo ni 2.1445, na moja kugawanywa kwa tanjenti ya 40, ambayo ni 1.1918. Njia hii ni ya zamani sana. Abu Rayhan al-Biruni aliitumia mwanzoni mwa karne ya 11 huko Nandana, katika Pakistan ya leo, kupata kimo cha mlima, dhiraa 652 na kidogo. Kisha akapanda juu ya mlima huo na kupima pembe ya mwinamo hadi kwenye upeo wa macho, akapata dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii, na kutoka kwenye namba hizo mbili akaukokotoa unusukipenyo wa dunia nzima, karibu dhiraa milioni 13. Ni mojawapo ya matumizi ya kuvutia kuliko yote ya pembetatu moja ndogo, na pia ni funzo la udhaifu wake: kwa mwinamo mdogo namna hiyo, kukosea dakika moja tu kunaisogeza dunia kwa takriban asilimia 6.

Udhaifu huohuo unakungoja kwenye korongo lako. Katika mfano wa mita 20, ukikosea digrii moja kwenye pembe ya nyuma, kimo kinabadilika kwa zaidi ya mita mbili. Hilo bado linavumilika. Lakini mtu mvivu arudi nyuma mita 5 tu badala ya 20. Pembe ya nyuma inakuwa 35. Akisoma 34 anapata mita 17, akisoma 36 anapata mita 27. Hayo si makadirio tena, ni kamari. Kwa hiyo itumie njia hii pale tu ambapo kitako hakifikiki, na weka mahali pako pawili mbali kadiri uwanja unavyoruhusu.

Wapo wanaosema kwamba kivuli kinatosha: pima kivuli cha mti, pima kivuli cha fimbo yenye urefu unaoujua, linganisha. Ni kweli, na uwiano wa fimbo kwa kivuli chake ni tanjenti ya mwinuko wa jua, iwe mpimaji anajua au hajui. Ila sisi tunaishi karibu na ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena katika nusu ya kwanza ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu juu kabisa ya Dar es Salaam, na kivuli cha fimbo huishia miguuni pa fimbo. Hiyo ni pembe ya 80 na zaidi tuliyokwisha kuikataa, na hapa kikwazo kimoja kinaongezeka: jua lina upana wa nusu digrii, hivyo ukingo wa kivuli cha kitu kirefu hufifia bila mpaka. Anayetaka kivuli apime asubuhi au alasiri, wakati kivuli cha fimbo kinakaribia kulingana na fimbo, na vivuli vyote viwili vipimwe pamoja, kwa sababu saa hizo jua linaweza kupanda au kushuka digrii moja kila dakika nne.

Wengine watasema simu inafanya yote haya. Inafanya, kwa kuhisi mlalo wake yenyewe na kuitafuta tanjenti kimya kimya. Lakini programu nyingi za aina hiyo hukuuliza umeishika simu kwa urefu gani kutoka ardhini, na hakuna inayoweza kujua kwamba ulilenga bega la mwembe badala ya ncha, au kwamba mnazi unakukimbia. Maamuzi matatu ya mwanzo yanabaki mikononi mwako. Hata vifaa vya leza vya wataalamu wa misitu, vya aina iliyotumika kuupima mkukusu wa mita 81.5 kwenye bonde moja la Kilimanjaro, ambao mwaka 2016 ulitangazwa kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, vinataka mtu atafute kwanza mahali ambapo ncha ya kweli inaonekana.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba njia yenyewe ni ya kukisia, haifai kwa jambo la hatari. Hapa tutenganishe njia na chombo. Upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952, uliotegemea pembe zilizopimwa kutoka mbali kwa tiodolaiti, uliipa Kilimanjaro mita 5,895. Mwaka 1999 mlima ulipimwa kwa setilaiti ukapata mita 5,892 na nusu. Tofauti ya mita mbili na nusu kwenye karibu mita 5,900 si ya njia ya kukisia. Mrija na nati haviwezi kufika huko, lakini havihitaji. Vinachohitaji ni kutamka kosa lao kwa uaminifu. Ukipata mita 19.6 na unajua mkono wako hukosea digrii moja na umbali wako sentimita chache, sema mti uko kati ya mita 19 na 20.3, na panga kana kwamba ni 21. Kuzidisha kimo kunakugharimu kamba ndefu kidogo. Kupunguza kunakugharimu paa.

Na namba hiyo itumike hivi. Desturi ya usalama ya wakata miti ni kwamba watu wakae umbali usiopungua mara mbili ya kimo. Mti wa mita 21 unataka mita 42 za kuzunguka bila watoto, bila mbuzi, bila watazamaji wenye simu. Chora duara la mita 21 kutoka kwenye shina na uangalie kilichomo. Kama ndani yake kuna nyaya za umeme, kazi si yako wala ya fundi wako, ni ya shirika la umeme, na waambie kimo ulichopima unapopiga simu. Kama kuna nyumba, choo au ukuta wa jirani, mti usiangushwe mzima hata fundi akiapa kwamba anajua kuuelekeza. Upunguzwe kutoka juu, vipande vikishushwa kwa kamba. Baada ya kila awamu ya kukata, pima upya kilichobaki, safari hii kwa kisiki cha juu ambacho ni rahisi kukilenga kuliko majani, hadi pale duara jipya litakapokuwa tupu. Ndipo shoka la chini liruhusiwe.